Kibanja kimoja, wenye kauli wawili: musika wa ukoo na msimamizi wa wosia

Tuseme mzee amefariki Muleba, mkoani Kagera, ameacha ardhi sehemu tatu. Ya kwanza ni kibanja chenye nyumba, migomba na kahawa, na nyuma ya nyumba yako makaburi ya baba yake na babu yake. Ya pili ni shamba la kahawa alilonunua kwa jirani mwaka 1987. Karatasi ya mauziano ipo, mende wameila pembeni lakini inasomeka. Ya tatu ni kipande cha rweya, ile nyika ya majani nje ya kijiji, alikopanda mikaratusi. Siku ya kuanua matanga ukoo unakaa na kumtangaza mtoto wa kiume wa kwanza kuwa musika, mrithi mkuu, mwenye kushika nyumba ya baba. Watu hawajatawanyika, mwalimu mstaafu aliyekuwa rafiki wa marehemu anatoa mfukoni karatasi mbili za daftari. Ni wosia. Unasema kibanja apewe binti aliyeacha biashara yake Mwanza akaja kumuuguza baba, shamba la kununua wagawane watoto wa kiume, na msimamizi awe mwalimu mwenyewe.

Mfano huu nimeubuni, lakini ukikaa kwenye benchi la nje la mahakama ya mwanzo Kagera au Kilimanjaro, hutamaliza asubuhi kabla hujasikia unaofanana nao. Wazee wa ukoo watasema, "Mtu baki hawezi kutugawia ardhi ya babu zetu." Mwalimu atasema, "Marehemu mwenyewe ameandika." Wote wawili wanasema kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo maana kesi hizi huchukua miaka. Kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Mwalimu anajibu nani alipewa kazi. Wazee wanajibu ardhi ile ilikuwa ya nani tangu mwanzo.

Tuanze na kazi, maana hapo ndipo maneno yanapotuponza. Vijijini tumezoea kusema "fulani ndiye msimamizi" kwa sauti ile ile tunayosemea "fulani ndiye mwenye mali". Si kitu kimoja. Msimamizi ni mchukuzi. Anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni, anawapa warithi haki zao, kisha anarudi mahakamani kueleza alivyofanya. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini usimamizi peke yake haumpi hata tuta moja la viazi. Musika kwa upande wake ni mrithi, na kwa mila ni zaidi ya mrithi: ndiye anayebeba jina la nyumba, anayetunza makaburi, anayeitwa ukoo ukiwa na jambo. Ila usika nao haumpi mamlaka ya kugawa. Ukoo ukimsimika, umempa heshima na pengine fungu kubwa. Haujampa hati ya mahakama.

Hata mwalimu na karatasi zake bado hana hati hiyo. Mahakama ya mwanzo, ambako mirathi nyingi za vijijini huanzia, inafuata Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Jedwali hilo linaipa mahakama uwezo wa kumteua mtu mmoja au zaidi wenye maslahi katika mirathi, na linaitaka izingatie matakwa ya marehemu isipokuwa kama kuna sababu ya kutofanya hivyo. Kwa hiyo wosia unaomtaja mwalimu una uzito, lakini kalamu ya mwisho ni ya hakimu. Akithibitisha kwamba mwalimu ni mlevi, au ana kesi yake mwenyewe na familia, anaweza kumpita. Na ule muhtasari wa kikao cha ukoo ambao makarani huudai kana kwamba ni tiketi ya kuingilia? Unasaidia, kwa sababu unaonyesha familia imekaa na inajuana. Jedwali lenyewe halikuuweka kuwa sharti. Nimeona familia zikizungushwa mwaka mzima kwa sababu baba mdogo mmoja amegoma kutia sahihi, na huyo baba mdogo ndiye anayelima shamba muda wote huo.

Ardhi iliyokuwa yake na ardhi iliyopita mikononi mwake

Sasa swali la wazee, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenyewe. Wosia hauwezi kutoa kile ambacho marehemu hakuwa nacho. Kabla ya kubishana kama karatasi ni halali, kila kipande cha ardhi kinapaswa kuulizwa kilifikaje kwa mzee.

Shamba la kununua halina fumbo. Karatasi ya 1987 ipo, jirani aliyeuza au watoto wake wapo, mipaka inajulikana. Hili ni jasho la marehemu na hata wazee wa ukoo wakali kabisa hawaligusi. Rweya nayo mara nyingi huangukia huku, kwa sababu aliyefyeka na kupanda ndiye anayetambuliwa, ingawa hapo serikali ya kijiji itakuwa na neno lake.

Kibanja ni habari nyingine. Kwa Wahaya, kama ilivyo kihamba kwa Wachaga, ardhi ya namna hii imepita mikononi mwa watu wengi na inatarajiwa kupita kwa wengine. Mipaka yake haikuwekwa kwa nguzo za zege bali kwa mimea. Kagera ni mulamula, Kilimanjaro ni sale, ile mimea ya majani marefu ambayo haifi hata ukiikata. Jina mulamula lina undugu na neno la Kihaya la kuamua kesi. Mmea wenyewe ni shahidi. Mtu aliyezaliwa ndani ya mimea hiyo akaikuta imepandwa na babu yake hujiona mpangaji wa zamu, si mmiliki anayeweza kuuza Jumatatu na kuhama Jumanne. Mila ilitengeneza kanuni zake kutokana na fikra hiyo.

Kuna aina ya tatu ambayo huleta ugomvi mkubwa kuliko mbili za kwanza na haizungumzwi sana. Ni ardhi ambayo marehemu alishaigawa akiwa hai. Kijana anaoa, baba anamwonyesha sehemu, wazee wanashuhudia, mimea inapandwa, kijana anajenga. Miaka 20 baadaye baba anaandika wosia na, kwa usahaulifu au kwa hasira, anaitaja sehemu ile ile. Kama ilitolewa kweli mbele ya mashahidi na mtoto akaishika, ilishatoka mikononi mwa baba siku ile, haimo kwenye mirathi, na msimamizi hana cha kuigawa. Shida ni kuthibitisha. "Alinionyesha tu nilime" na "alinipa" zinasikika karibu sawa zikisemwa na shahidi mwenye miaka 80, na kesi nzima hukaa katikati ya vitenzi hivyo viwili.

Sheria tatu juu ya kaburi moja

Mtanzania akifa hafi na sheria moja. Mirathi yake inaweza kuendeshwa kwa sheria ya kimila, kwa sheria ya Kiislamu, au kwa sheria iliyoletwa na Waingereza kutoka India, Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo hadi leo ndiyo inayotumika kwa Wakristo waliojitenga na mila. Watu hudhani dini iliyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo inamaliza hoja. Haimalizi. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini: alifunga ndoa ya namna gani, aliendesha mambo yake kwa taratibu za ukoo au alishaachana nazo, aliandika au kusema nini kuhusu mali yake. Mzee anayekwenda misa kila Jumapili na bado anakaa vikao vya ukoo, anapokea mahari kwa utaratibu wa mila na kuzika ndugu zake kibanjani, ana mguu mmoja kila upande.

Tofauti yake si ndogo. Kwa sheria ya 1865, asiyeacha wosia, mjane wake hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa, bila kujali nani wa kiume nani wa kike. Na aliyeacha wosia ana uhuru mpana. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali na haumwongezei mrithi fungu lake bila ridhaa ya wenzake. Kwa hiyo wosia wa kumpa binti kibanja kizima ungegota mlangoni. Kwa sheria ya kimila mambo yamo kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata upande wa baba. Huko Uluguru, ambako ukoo ni wa mama, picha inageuka kabisa, na anayedai shamba anaweza kuwa mtoto wa dada wa marehemu.

Tangazo hilo linasomwa kidogo kuliko linavyotajwa. Watu wanasema "mila hairuhusu wosia", wakati lina jedwali zima la wosia, na masharti yake ni makali kuliko wanavyodhani wenye wosia mifukoni. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; kama hajui, wanne, nusu kwa nusu. Mashahidi wa wosia wa maandishi wawe wanajua kusoma na kuandika. Mke aliyepo nyumbani ashuhudie pia. Uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe na sahihi.

Utaona busara yake. Shahidi wa ukoo anazuia watu baki wasimghilibu mzee kitandani. Mtu baki anazuia ukoo usiuzike wosia pamoja na mwenyewe. Na utaona pia mahali ambapo karatasi za mwalimu zinaweza kuanguka. Kama zilishuhudiwa na yeye mwalimu na rafiki yake tu, bila mtu wa ukoo hata mmoja, zina kasoro ya kuua. Wosia ukianguka, mirathi inagawiwa kana kwamba haukuwahi kuandikwa, na binti aliyeuguza anarudi kwenye foleni ya mila. Wosia mwingi haushindwi na ukoo, unajishinda wenyewe kwa kukosa sahihi moja ya shangazi.

Kuna kifungo kingine. Chini ya mila hizo, baba hawezi kumnyima mrithi urithi kwa kuchoka naye. Awe na sababu, na sababu zenyewe zimetajwa, miongoni mwake kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya yeye au mama mzazi, na kutomtunza wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Kunyimwa huko kuandikwe waziwazi, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Wosia unaomruka mtoto wa kwanza kimya kimya, bila kumtaja, unampa musika hoja nzuri ya kusimama nayo.

Shilingi 300,000 za Kashasha

Linabaki jambo ambalo kila mtu kwenye matanga analifikiria na wachache wanalisema: kibanja amepewa mwanamke. Kanuni ya 20 ya Tangazo la 1963 ilisema wanawake wanaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo waliruhusiwa kuitumia maisha yao yote bila kuiuza, labda pasiwepo mwanamume wa ukoo huo.

Kanuni hiyo ilivunjwa na kesi iliyotoka wilaya hii hii ya Muleba. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Uzee ulimkuta hana wa kumtunza, na tarehe 24 Agosti 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikuwa tayari kwenye Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ilimkatalia. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mila ile inakwenda kinyume na haki ya usawa iliyomo kwenye Katiba, na kwamba kuanzia hapo mwanamke ana haki ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanamume.

Angalia tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama zilizuiwa kufuta sheria kwa msingi wake hadi Machi 1988. Mama huyu aliuza shamba miezi mitano tu baada ya mlango kufunguliwa. Angeuza mwaka mmoja mapema, huenda tusingekuwa na kesi ya kusimulia.

Kinachosahaulika ni kwamba jaji hakuufukuza ukoo. Kwa mila ya Kihaya, mwanamume aliyeuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake hakubatilishiwa mauzo. Mwanaukoo mwingine aliweza kuikomboa kwa kurudisha bei. Mwanamke ndiye aliyebatilishiwa. Mwalusanya aliwaweka wote kwenye kanuni ya mwanamume. Mpwa alipewa miezi sita: akitaka ardhi ya ukoo ibaki kwenye ukoo, alete shilingi 300,000 amrudishie mnunuzi. Asipoleta, ardhi ni ya mnunuzi. Kwa jicho langu hiyo ndiyo sehemu bora ya hukumu, kwa sababu iligeuza madai ya damu kuwa madai yenye bei. Anayesema ardhi ya babu haiuzwi aonyeshe kwamba naye yuko tayari kuigharamia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 baadaye iliandika jambo hilo kwa maneno yake: kanuni ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Hivyo binti wa mfano wetu, kama wosia uko sawa, ana pa kusimama.

Mjane ana hali ngumu zaidi, na hapa siwezi kumtia moyo mtu kwa uongo. Tangazo la 1963 linasema mjane hana fungu kama marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kulipinga. Mwaka 2006 majaji walikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, ila wakaogopa kuzifuta kwa kalamu, wasije wakafungulia milango ya kupingwa kwa kila mila ya kila kabila. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi kwenye nyaraka. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki mwaka 2015 na kuitaka Tanzania ibadilishe kanuni hizo. Mwenye kumpenda mkewe asimwachie mila imtunze, aandike.

Msimamizi naye ana makosa yake

Nisiwaonee wazee wa ukoo. Kesi nyingi zinazoitwa "ukoo kupinga wosia" zimeanzishwa na msimamizi aliyelewa madaraka. Ameteuliwa, ameandikisha jina lake kwenye nyaraka za ardhi kama msimamizi, miaka inapita, halafu siku moja anaonekana mpimaji shambani na mnunuzi kutoka mjini. Kisheria jina lile ni la kupitishia mali tu. Mahakama ya mwanzo inamtaka alete orodha ya mali, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Mirathi ikiwa mahakama za juu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Asiyeleta, au aliyepata uteuzi kwa kuficha warithi, anaweza kufutiwa. Warithi wengi hawajui kwamba faili la mirathi linaweza kuombwa kusomwa, na kwamba kitu cha kwanza cha kutafuta ndani yake ni hizo fomu mbili. Zikikosekana baada ya miaka minane, huhitaji shahidi mwingine.

Mahali pa kupeleka ugomvi napo huwapoteza watu. Anayedai kama mrithi, au anayepinga wosia na mgawanyo, arudi mahakama ile ile iliyofungua mirathi. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba mgogoro wa umiliki wa mali iliyomo kwenye mirathi ni wa mahakama ya mirathi. Mtu wa nje anayedai shamba halikuwahi kuwa la marehemu, mara nyingi humshtaki msimamizi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui tena. Na ukikaa kimya miaka 12 mwenzako akiwa ameshika ardhi, dai lako la kuirudisha linaweza kuwa limeshakufa kabla hujalipeleka.

Kenya wamepita njia nyingine. Sheria yao ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, iliziondoa mila kwenye mirathi karibu kote, ikaziachia ardhi ya kilimo na mifugo ya wasioacha wosia katika wilaya chache zilizotajwa, nyingi za wafugaji, kama Turkana, Marsabit, Narok na Kajiado. Ugomvi haukuisha, ila walau swali la "sheria ipi" si la kuanza nalo kila mara.

Turudi matangani. Mwalimu akunje karatasi zake, na musika asing'oe mulamula hata mmoja. Jedwali la Tano linaruhusu wasimamizi zaidi ya mmoja, kwa hiyo wanaweza kwenda pamoja kuomba wateuliwe wote wawili: mwalimu kwa sababu marehemu alimtaja, musika kwa sababu ndiye anayejua kila mpaka na kila aliyeonyeshwa kipande. Orodha ya mali itiwe sahihi na wote. Uhalali wa wosia ausome hakimu. Na kama kibanja kitakwenda kwa binti, ukoo umwombe jambo moja liandikwe kwenye mgawanyo mapema, kabla pesa za mtu yeyote hazijaonekana: njia ya kwenda makaburini, upana wake, na inapitia upande gani wa migomba.